Nilifuta Wosia wa Babu, Kisha Nikasema Simu Ilijaa

Jamani, mimi ni mkosaji. Msinitafutie sababu, maana nimejitafutia mwenyewe muda mrefu na hakuna hata moja iliyosimama. Nimemkosea shangazi yangu, dada wa marehemu baba, mwanamke aliyenilea. Nimemkosea mbele ya ukoo mzima, mchana kweupe, kwa mdomo wangu huu huu.

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Mbeya. Nina chumba kimoja Mwanjelwa, watu wananiletea mashine zilizokwama nami nazikwamua. Kila mteja nilikuwa namhubiria: kitu chako cha maana kiweke sehemu mbili! Nilihubiri mpaka wengine wakanichoka. Kumbe ndiyo yale yale, mganga hajigangi.

Kwetu ni Kilolo, mkoa wa Iringa. Nimepewa jina la babu mzaa baba, na kwa sababu hiyo shangazi hajawahi kuniita jina langu. Ananiita "baba". Mwenye jina la baba yake ni baba yake, basi. Hata nilipokuwa mtoto na kamasi zinanitoka, alikuwa akiita, "Baba, njoo ule."

Babu alikuwa na shamba la paini kule mlimani, miti mikubwa iliyofikia kuvunwa. Shangazi aliachika, akarudi nyumbani, na mzee alipoanguka ni yeye aliyemuuguza mpaka mwisho. Alimwogesha, alimgeuza kitandani, alimnywesha uji. Lakini kwetu mtoto wa kike kupewa ardhi bado ni maneno makubwa, na babu alilijua hilo. Siku moja nimekwenda kumsalimia, akaniambia nitoe simu nimpige video.

Alivua kofia yake ya sufu kwanza. Akaongea taratibu, Kihehe kidogo, Kiswahili kidogo, kwamba shamba la paini ni la binti yake, watoto wa kiume alishawagawia ya kwao, na asitokee mtu wa kumsumbua. Akamaliza hivi: "Na huyu mjukuu wangu, mwenye jina langu, ndiye shahidi." Nikamwonyesha video. Akacheka kujiona, akauliza mbona amekuwa mzee namna hiyo. Shangazi alikuwa amekaa pale pale, anafuta machozi kwa pindo la kitenge.

Simu yangu ilikuwa inalia kila saa kwamba imejaa. Niliporudi Mbeya nikaihamishia ile video kwenye kompyuta, kwenye simu nikaifuta. Shangazi ana simu ya kitochi, haichezi video, akaniomba nimtumie jirani yake mwenye simu kubwa. Nikamjibu kwamba ni ndefu, itakula bando.

"Usihofu shangazi, ipo kwenye kompyuta. Na mwenye kompyuta si mimi?"

"Haya baba," akasema. "Maadamu unayo wewe."

Babu akafariki. Tukamzika, matanga yakaanuliwa, kikao cha ukoo cha kugawana mali kikasogezwa mbele kidogo ili walio mbali wapate nafasi ya kufika.

Sasa sikilizeni ujinga wangu.

Kompyuta hiyo hiyo ndiyo niliyokuwa nachezea gemu. Mimi na gemu, jamani! Jumamosi washkaji wa mtaani wanakuja kwangu tunacheza ligi ya mpira. Mashine ikaanza vituko. Mchezaji yuko mbio na mpira, picha inaganda, ikija kuachia unakuta kipa keshafungwa. Nikasafisha feni, nikabadilisha pasta ya prosesa, nikaongeza RAM. Wapi! Mwisho nikajua ugonjwa uko kwenye diski. Nilikuwa na mbili za zamani, moja ina Windows, nyingine ni ghala langu la vitu: kazi za wateja, picha, na video ya babu. Nikanunua SSD, zile diski mpya zenye kasi, nikapanga Windows ihamie huko, na ile ya zamani iliyokuwa na Windows niifute niijaze magemu.

Fundi yeyote anajua kwamba kabla ya kuweka Windows upya unachomoa waya wa diski yenye vitu vyako. Unachomoa tu, hata bisibisi huhitaji. Mimi nilikuwa nimeshafunga boksi, nikaona uvivu kulifungua. Kwenye skrini diski zikajipanga kwa namba bila majina, na zile mbili za zamani zina ukubwa sawa. Nikachagua moja, nikabonyeza futa. Nilikuwa napiga mluzi!

Windows ikawaka kabla sijakaa vizuri kwenye kiti. Washkaji waliokuwa wanasubiri wakashangilia. Nikafungua diski iliyobaki niangalie vitu vyangu, nikakutana na mafaili ya Windows ya zamani. Nikafunga, nikafungua tena. Yale yale. Nilikuwa nimefuta ghala.

Lakini ndugu zangu, hapo nilikuwa bado nina nafasi, na hili ndilo linaloniua! Diski ikifutwa vile, vitu vinakuwa bado vimo ndani. Ukiichomoa mara moja usiiwekee kitu kipya, kuna programu za kuvirudisha. Nimewarudishia watu picha za harusi zao kwa njia hiyo hiyo. Ila ukishamwaga kitu kipya juu yake, ndiyo basi.

Rafiki yangu Gwakisa alikuwa amekuja na diski yake ya nje yenye gemu jipya. Gemu kubwa, lisingeenea kwenye SSD yangu ndogo, na ile diski ya Windows ya zamani ilikuwa bado imejaa.

"Oya fundi, lipakue basi, watu tumekaa."

"Subiri kidogo, mwana."

"Nisubiri nini? Si umesema imepona?" Akawageukia wenzake. "Imemshinda huyu! Twendeni kwa fundi mwingine."

Wakacheka chumba kizima. Ningeweza kusema neno moja tu, "Jamani, nimekosea diski." Wangenicheka, tungeahirisha, yangekwisha. Lakini mimi? Fundi? Mbele ya watu wanaonitegemea kwa mashine zao?

Sitawadanganya kwamba nilisahau. Babu alinijia kichwani na kofia yake mkononi. Nikajiambia labda gemu litakaa upande mwingine wa diski, halitamgusa. Nikachagua lile ghala tupu, nikabonyeza. Mstari wa kijani ukaanza kutembea kwenye skrini, na muda wote ule ningeweza kuusimamisha kwa kidole kimoja. Niliutazama mpaka ukajaa. Tukacheza. Na nilishinda ligi, Mungu anisamehe.

Walipoondoka nikachomoa ile diski nikaanza kuhangaika nayo. Nilijaribu programu zote ninazozijua. Jina la faili lilirudi, nililiandika mwenyewe, "Babu shamba". Nikilibonyeza linagoma. Nilibonyeza mpaka kidole kikauma.

Shangazi akapiga simu, akanisalimia kwa Kihehe.

"Kamwene baba."

"Kamwene shangazi."

"Baba yako mkubwa anataka kuleta mnunuzi wa miti. Nimemwambia atulie, maneno ya mzee yapo kwenye video. Wewe njoo nayo tu siku ya kikao. Unayo, eti?"

"Ninayo, shangazi."

Uongo wa kwanza huo. Nilikata simu nikakaa kitako sakafuni.

Siku ya kikao nilifika Kilolo. Mwinjilisti alifungua kwa sala. Wazee wamekaa kwenye mabenchi, ulanzi, pombe yetu ya mianzi, umewekwa pembeni kwa ajili ya baadaye, na shangazi amevaa kitenge chake kizuri. Alikuwa ameazima televisheni kwa jirani, akaiweka juu ya stuli, akaitandikia na kitambaa. Nilipoiona ile televisheni nilikwenda kukaa benchi la nyuma kabisa.

Baba mkubwa ndiye kaka mkubwa wa baba, na ndiye aliyekuwa anaongoza. Alianza mwenyewe.

"Huyu dada yetu anasema mzee amemwachia paini zote. Anasema kuna video. Haya kijana, wewe ndiwe mwenyewe. Ipo?"

Nilisikia kuku wanaparua nje.

"Baba mkubwa, ile video..."

"Ipo au haipo? Hatukuja kukuangalia sura hapa."

Jamani, ukweli ulikuwa mdomoni! Nilitakiwa kusema nimeifuta kwa uzembe wangu, ila nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu, mzee alisema hivi na hivi. Wazee wale wamesuluhisha mambo mangapi kwa neno la mtu aliyekuwepo? Lakini nikamwona binamu yangu mmoja ambaye nilikuwa nimechukua kompyuta ya duka lake nimtengenezee. Nikaona jina langu la ufundi linakwenda na maji. Simu kujaa si kosa la fundi.

"Haikurekodi," nikasema. "Simu ilikuwa imejaa, haikuhifadhi kitu."

Shangazi akageuka. Hakufoka. Aliniuliza polepole, kama mtu anayemkumbusha mtoto.

"Baba, si tuliiangalia wote? Pale kitandani? Mzee si alicheka?"

Nikatazama chini.

"Baba, nakuuliza."

"Labda unachanganya, shangazi."

Baba mkubwa akapiga goti kwa kiganja. "Mmesikia. Sasa mtu anamsingizia marehemu maneno, tena marehemu baba yake!" Watu wakaanza kuguna. Mzee mmoja akasema tamaa mbaya. Shangazi alinyanyuka, akakitoa kile kitambaa juu ya televisheni, akakikunja vizuri, akaibeba televisheni ya watu akairudisha. Mimi nilikaa nikimwangalia anateremka nayo kwenye tope, peke yake, wala sikuinuka kumpokea.

Machenso yakaingia mlimani. Miti ikalala, ikapasuliwa mbao, ikaenda. Wanaume wakagawana, na mimi kama mtoto wa marehemu baba nikapewa fungu langu. Mnataka kujua nililifanyia nini? Nilinunua kadi ya picha, ile inayofanya gemu lionekane vizuri kwenye kompyuta. Ndiyo! Paini za shangazi zimo ndani ya kompyuta yangu. Tangu siku hiyo kila feni yake ikizunguka nasikia chenso, na gemu nimeliacha, silitamani tena.

Shangazi hakuweza kukaa Kilolo. Kisimani walikuwa wanamnong'ona, kanisani wakampunguzia salamu. Alikwenda Mgololo kuwapikia chakula vibarua wa mbao, kwa umri wake ule, moshi machoni kutwa. Habari hiyo ndiyo iliyonitoa Mbeya.

Nilimkuta anaosha sufuria. Nikapiga magoti kwenye tope nikamweleza yote: ghala, gemu, mstari wa kijani, Gwakisa, kadi ya picha. Sikubakiza. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, nilitaka hata anipige. Alisikiliza huku mkono unaendelea kusugua.

"Kwa hiyo imefutika," akasema.

"Imefutika, shangazi. Kabisa. Ndiyo maana nilishindwa..."

"Mimi ile televisheni niliazima kwa sababu ulisema unayo. Mzee hakusema shahidi ni kompyuta. Alisema ni wewe." Akamwaga maji machafu. "Ungesema tu ulisikia."

Nililia kama mtoto, na hakunibembeleza.

Nilikwenda kwa baba mkubwa nikadai kikao kiitwe upya. Safari hii nilisimama nikasema, kwa aibu yote, wazee wote wananitazama. Binamu aliondoka na kompyuta yake siku ile ile. Wateja wengine nao wamesikia, Iringa na Mbeya si mbali kwa umbea. Wazee wakanitoza mbuzi, wakaamua shamba arudishiwe mwenyewe. Nikauliza na miti je?

"Miti imeshakuwa mapaa ya watu," akasema baba mkubwa. "Kaing'oe."

Kwa hiyo shangazi amerudi Kilolo kwenye mlima wa visiki. Amepanda njegere katikati ya visiki, na miche michache ya paini ambayo sijui kama ataiona ikikomaa. Nakwenda kumsaidia kupalilia. Ananipikia, ananitandikia kitanda, hajawahi kunirushia neno baya.

Nanyi mnaosoma, kuweka vitu sehemu mbili wekeni, ni busara. Lakini sikuandika kwa ajili ya hilo. Ukiharibu kitu cha mtu, sema siku hiyo hiyo, hata kama chumba kizima kitakucheka. Kicheko kinaisha jioni. Na ukiulizwa ulisikia nini, jibu ulichosikia, usianze kutafuta pa kujificha, maana kuna mtu amesimama peke yake anakungoja wewe umwokoe.

Juzi nilimpigia kumwuliza kama njegere zimeanza kutoa maua. Alipokea haraka, sauti yake nzuri tu.

"Kamwene fundi," akasema.

Hiyo "baba" hajaniita tena tangu siku ya kikao kile cha kwanza, na mimi sina uso wa kumwomba.