Waya Ukinyamaza

Siku hiyo naikumbuka, mwanangu, kwa harufu ya maji chumvi kwenye matangi ya saruji. Nilikuwa kijana, nimepata kazi ya kuangalia vifaranga vya samaki kwenye kituo kimoja cha ufugaji, upande wa Mbegani. Na vifaranga vya samaki wa mwatiko wana deko, usione! Jua likiyatia maji moto kidogo tu, unawakuta wameelea matumbo juu. Ndipo tukaletewa vipimajoto vya kuzamisha majini.

Kila kimoja kilikuwa kidude cha chuma, urefu wa kidole, kimezibwa kisiingie hata tone, na mkia wa waya unaotoka tangini mpaka ofisini. Aliyekuja kuvifunga ni mzee mmoja mkali, tukimwita Fundi Shomari. Akanieleza kwamba kikikaa majini hupitisha umeme, tena kidogo mno. Maji yakiwa ya moto kabisa, kule ofisini mita ya huo umeme inasoma ishirini. Yakiwa baridi kabisa, inasoma nne.

"Kwa nini baridi isisome sufuri, fundi?" nikamwuliza. Mie na mdomo wangu.

"Sufuri ni ya waya uliokatika," akasema. "Hata kikiwa hakina joto la kutwambia, kitaleta ile nne yake, tujue kipo. Kikinyamaza kabisa hatusemi maji yamepoa. Tunasema tumekipoteza."

Basi, mwanangu, machozi yakanitoka palepale, mbele ya mwanamume wa watu. Nilimkumbuka kaka yangu Athumani.

Athumani aliondoka kwenda Chalinze kutafuta maisha, kupakia na kushusha malori. Alimwapia mama kuwa atarudi na bati za nyumba. Mwanzo zilikuja salamu kwa midomo ya madereva, kisha zikakoma. Miaka ikapita. Baba mdogo akitutuliza, "Mwanamume anatafuta. Angekuwa na shida angesema." Sote tukaitikia, isipokuwa mama. Yeye kila akipakua alimpakulia na Athumani, akafunika sahani kwa kawa mpaka chakula kikachacha. Na mie, wallahi, nilikosa hata kelele zake, alivyokuwa akiniita Bi Mdomo nikamfukuza na mwiko. Nyumba ilipooza bila yeye.

Nikamweleza fundi yote. Nilidhani atanipa pole. Akaweka koleo lake chini, akanikazia macho.

"Na ninyi mmekaa?"

"Tufanyeje, fundi?"

"Binti, waya ukinyamaza mimi siketi kitini nikabuni joto la maji. Naufuata kwa mkono mpaka pale ulipokatika. Na huo ni waya tu! Wewe umepoteza mtu."

Yale maneno yalinichoma. Nikaomba ruhusa kazini, nikapanda basi mpaka Chalinze. Nikauliza kwa wapakiaji, nikauliza kwa mama ntilie, hola. Msikitini ndipo mzee mmoja akaniambia, huyo yuko Lugoba, anaziba pancha kando ya barabara. Lugoba! Nilikuwa nimeipita asubuhi ileile, nimekaa dirishani.

Nikarudi Lugoba. Nikamkuta ameinamia tairi, amekonda, mvi zimemwingia kabla ya wakati.

"Shikamoo kaka."

Akainua uso. "Marahaba. Mama yuko hai?"

"Yuko. Mbona hukuleta hata salamu?"

"Salamu za nini, Mwanaidi? Bati sina, kitu sina. Mkono mtupu haulambwi."

Lo! Nilitaka nimzabe kofi, nikajikuta nimemkumbatia. Kumbe alikuwa karibu vile, amejificha kwa aibu, na sisi kule hamu yake inatumaliza.

Kesho yake tukarudi naye nyumbani, Bagamoyo. Mama alikuwa barazani, anachambua mchele. Wakati huo kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumpotea. Siku nyingine ananijua, siku nyingine ananiuliza mie binti wa nani. Athumani akapiga magoti mbele yake, akamshika mkono.

"Shikamoo mama."

Mama akamwitikia kwa adabu zote za kupokea mgeni. "Marahaba baba, karibu. Huko utokako, hukumwona Athumani wangu?"

Athumani akamwambia, mama, ni mimi. Mama akatabasamu tu, akamwuliza tena. Athumani alikaa naye mpaka siku mama alipofariki, akimpikia, akimwosha miguu, na kila siku mama alimwuliza Athumani habari za Athumani.

Ndiyo maana nakusema, mwanangu uliye mbali. Simu unayo mkononi, nawe umenyamaza, ati mpaka mambo yakae sawa. Yasipokaa je? Wahenga waliposema barua ni nusu ya kuonana, hawakusema iwe na pesa ndani. Mpigie mama yako leo, umwambie, "Mama, sina kitu, ila nipo." Hilo kwake ni chakula. Aibu ya mkono mtupu hupita, wala hakuna mzazi aliyewahi kufa kwa kukosa bati. Nawe uliyebaki nyumbani, usimwachie aliyepotea kazi ya kujitafuta. Inuka umfuate angali anafuatika.

Mwenyezi Mungu akufungulie riziki uliko, akufiche na kila shari, na akurudishe kwenu wangali wanaijua sura yako. Amin.