Kikapu Kilichokwenda Shule

Jirani yangu Kanyange anafundisha chekechea karibu na Sonatubes hapa Kigali, na kosa lake ni moja tu: hawezi kufundisha kwa picha peke yake. Siku ya somo la nembo ya taifa, mwalimu mwingine angebandika karatasi ukutani, basi. Yeye akaenda kumbembeleza mama yake, Bi Mukagasana, amwazime agaseke chake cha arusi, kile kikapu chenye kifuniko kilichochongoka.

Mimi nisingethubutu. Bi Mukagasana alikipakata safari nzima kutoka Bujumbura alipohamia Kigali. Tangu mumewe afariki kimekaa kabatini kitupu, na hata wajukuu hawakigusi.

"Chukua," alisema. "Lakini ikirudi na doa, usiniombe tena kitu."

Darasani watoto walikitafuta kwenye nembo, wakakiona kati ya mtama na kahawa. Kanyange akawaeleza kwamba nembo ilikikuta kikapu tayari kipo. Bibi zao walikuwa wakikisuka na kupelekeana zawadi humo zamani sana.

"Agaseke ya mtu hatufungui," akasema. "Na hatumrudishii ikiwa tupu."

"Sasa hii ya bibi iko na nini ndani?" akauliza Keza, mmoja wa watoto.

"Haina kitu."

Watoto wakatazamana. Kanyange akatoka kidogo kusalimiana na mzazi, na aliporudi wote walikuwa kimya. Chekechea kimya! Mwenye akili angeshtuka.

Yeye alishtuka akiwa juu ya pikipiki akikirudisha kikapu, kila tuta kitu kikigongana ndani. Afungue? Na asubuhi ile ile amefundisha kwamba hakifunguliwi! Akanipitia dukani kwangu, jasho linamtoka.

"Yasmina, nisindikize. Kama ni juisi, nimekwisha."

Tulipofika, Bi Mukagasana akakifungua mwenyewe. Ndani mlikuwa na nusu andazi, kifungo, kipande cha penseli, na jino la maziwa lililoviringishwa kwenye karatasi. Kanyange akaanza kuomba radhi. Mama akainua mkono kumnyamazisha, akalitazama lile jino, akaangua kicheko mpaka kitenge kikamvuka begani. Kicheko hicho sikuwa nimekisikia tangu msiba. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, wala sioni haya kusema.

Kesho yake Bi Mukagasana alipita mbele ya duka langu amevaa mushanana, vazi lake la sherehe, agaseke mikononi kimejaa karanga za kukaanga.

"Mama, iko harusi wapi?" nikamuuliza.

"Naenda shule," akasema. "Wale watoto wamenipa vitu vyao. Nirudishe tupu, mimi?"