Maganda Aliyoyataka Shangazi

Vijana mnaosoma haya, harufu ya maganda ya ndizi huwafanya mzibe pua. Mimi huniinua kitini. Nilipokuwa mdogo huko milimani, mboga zetu za sukuma wiki zilipauka, na ugali hauliwi mtupu. Mama alikuwa akichimba shimo kando ya mboga afukie maganda yawe mbolea, mara shangazi, dada ya baba, akafika.

"Wifi, nipe hayo, mbuzi wangu ana mimba."

"Shamba langu nalo lina mimba, wifi."

Shangazi akacheka, akainama kuyazoa. Mama akayasukumia shimoni. "Kanyaga udongo, wewe, upesi!" Nikakanyaga, na shangazi akaondoka mikono mitupu. Kutwa nzima mama hakutulia. Alikaa, akasimama, akachungulia njia aliyoendea shangazi.

Jana mke wa mwanangu alifunga maganda kwenye mfuko wa takataka. Nikawaambia wote nyumbani: "Fungueni huo. Chimbeni kwanza, chai baadaye."