Farasi Alivyomposa Bibi Yangu

Farasi niliyekuwa namtunza alikuwa mzee, na alikuwa amehudhuria harusi nyingi kuliko padri au shehe yeyote ninayemjua. Kazi yake huko Kihonda, bondeni kwenye joto, ilikuwa kubeba mabwana harusi. Miguu ilipochoka, mwenye mali akamleta huku kwetu milimani Mgeta, kwenye shamba lake la kabichi, apumzike. Mimi nikapewa kazi ya kumtunza kwa sababu nilisema nimewahi kuota nimepanda farasi. Sikuulizwa swali jingine.

Shida ni kwamba alikuja na manyoya mepesi ya Kihonda. Mwezi wa sita ukaingia, ukungu ukashuka mpaka ndani ya banda, na mzee wa watu akaanza kutetemeka. Pumba akazinusa tu, akageuza shingo. Akikohoa yeye, kifua kinaniuma mimi. Nikampigia simu mwenye mali.

"Mfunike," akasema.

"Na nini, bosi?"

"Na chochote! Blanketi nitalituma na gari la mboga."

Gari la mboga lenyewe lilikuwa gereji mjini, limefunguliwa injini. Nikashona viroba vya mbolea, nikamvika. Kumbe vile vitu vinapiga kelele! Akipiga hatua anasikia mtu nyuma yake, chakacha chakacha. Akikimbia, na yule mtu anakimbia. Tulimkuta upande wa pili wa shamba. Kabichi za katikati hatukuzikuta tena.

Hapo ndipo nikakumbuka sanduku la bibi yangu. Kwetu binti akiposwa, kwenye mahari bibi yake ana blanketi lake. Bibi amejaliwa wajukuu wazuri, kwa hiyo sanduku lake la bati lilikuwa halifungiki. Mablanketi mazito, yenye picha ya chui, yote bado yako kwenye nailoni. Mwenyewe alijifunika kuukuu moja ambalo ukiliinua mbele ya taa unamwona mtu wa upande wa pili. Mapya alisema ni ya wageni. Wageni gani, hakuna aliyewahi kuwaona.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umefuata nini?"

"Blanketi moja tu. La farasi."

Akaacha kuchambua maharage. "Yale ni ya mahari. Farasi wako kamuoa nani humu ndani?"

"Bado hajaoa."

"Basi akaoe kwanza."

"Ndiyo anataka kuja kukuposa wewe," nikasema. Maneno yalitoka yenyewe.

Mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikaenda kumleta. Nikavaa koti la marehemu babu, maana posa bila mshenga si posa, nikapiga hodi. Majirani wakajaa. Bibi mmoja wa nyumba ya pili, shoga yake bibi tangu usichana, akapiga kigelegele, na farasi aliposikia sauti ile akainua kichwa, akatoa kifua mbele. Kazi yake ilimrudia palepale!

"Ana umri gani huyu?" bibi akauliza, kakaza uso.

"Mtu mzima mwenzio."

"Meno?"

"Anayo yote."

"Kanishinda. Pombe je?"

"Maji tu, bibi."

"Mbona anatetemeka?"

Nilitaka kujibu kwamba ni aibu, utani ukanikauka mdomoni. "Baridi, bibi. Tangu juzi hali kitu."

Bibi akamshika sikio, akalikuta la baridi. Akaingia ndani, akatoka na blanketi na kisu cha kuchania nailoni.

"Bwana harusi ndiye huleta blanketi," akalalamika. "Huyu wangu kaja kuchukua!"

Tukamtandika. Likafunika mgongo, likaishia kiunoni. Makalio yote nje.

"Na mimi ninalo moja ndani," akasema shoga yake. "Nilete, tushirikiane?"

"Tushirikiane nini?"

"Bwana!"

"Uke wenza? Mimi? Na mvi hizi?" Bibi aliyekuwa akilia magoti tangu asubuhi aliingia ndani mbio, akarudi na la pili. Tukayaunga kwa sindano ya magunia, tukafunga na kamba ya katani. Farasi akawa na chui wawili mgongoni, mmoja miguu juu. Mbwa wa jirani alichungulia, akaona bora arudi kwao.

Jioni hiyo kutetemeka kukaisha. Pumba alizimaliza, akailamba na ndoo.

Asubuhi nilimkuta bibi kibarazani, amejifunika blanketi jipya hadi kidevuni, chui kamkalia kifuani. Lile kuukuu alikuwa amelifanya tambara la mlangoni.

"Na wageni, bibi?"

"Mume avae jipya, mimi nivae chandarua? Watu watasema kaoa pabaya." Akajivuta ndani ya joto lake. "Kala?"

"Kala."

"Mpe salamu. Na yule jirani asimsogelee."