Pa Kuweka Gramafoni ya Bi Nadira

Nimeona wanaume wakichagua mke kwa haraka kuliko Bi Nadira alivyochagua pa kuweka gramafoni yake. Na kwa jinsi ndoa zao zilivyokwenda, wallahi, heri wangemuiga.

Bi Nadira hushona madira pale Chaani, Changamwe, karibu kabisa na barabara ya matrela, yasiyopumzika usiku wala mchana. Trela likipita na kontena mgongoni, nyumba nzima hutetemeka: vikombe, madirisha, meno ya bandia ya wageni. Sindano ya gramafoni nayo huruka. Ingeruka pengine popote, angesamehe. Lakini ana santuri moja ya taarabu ya zamani, na mwisho wake, waimbaji wakishanyamaza, mwanamke mmoja hupiga kigelegele kirefu. Huyo ni mamake. Alialikwa studio kama jirani tu, akapandwa na furaha, akawaharibia rekodi, nao wakaiacha vivyo hivyo. Sauti ya marehemu haiko kwingine.

Sasa mjukuu wake, Sabah, alikuwa akiolewa, na Bi Nadira alishaapa kwamba siku ya kupamba, bibi harusi atapigiwa kigelegele hicho. Kizima, bila kukatika.

"Nyanya, si tukirekodi kwenye simu?" akauliza Sabah.

"Simu itarekodi nini, mwanangu? Huo mruko?"

Wa kwanza kujitosa alikuwa Abdulaziz, mkwewe, bingwa wa kutazama video za Wazungu wanaoweka gramafoni juu ya marumaru kama masultani. Alileta kabati la vioo. Trela likapita, kabati likatetemeka kushinda nyumba.

"Ahsante, baba," Bi Nadira akamwambia kwa upole wa kuua. "Limetufaa kwa sahani."

Akaja Gedion, kijana wa bara mwenye banda la pancha ng'ambo ya barabara. Alikuwa ameunga vyuma vya trela bovu.

"Shosh, hii stendi ni noma!"

"Noma ndiyo nini? Nisemeshe Kiswahili, baba."

"Ni ngumu."

"Basi ungesema ngumu."

Ilikuwa ngumu kweli. Sebule yenyewe iliiogopa. Ugumu wenyewe ndio uliotuponza, maana kila mtikisiko wa sakafu ulipanda na vile vyuma, ukafika juu haujapungua hata chembe. Sindano ikaruka, ikachora mkwaruzo pembeni kabisa ya kigelegele. Bi Nadira akaitoa santuri, akaifuta kwa upindo wa leso, akaenda kukaa jikoni. Mkwaruzo mmoja mwingine hapo, na mamake angekuwa amekufa mara ya pili.

Akiwa jikoni trela jingine likapita. Sufuria zikaimba, vifuniko vikajibu. Kimoja tu kilitulia: susu, lile pakacha la kamba linaloning'inia kwenye boriti, lenye samaki wa kukaanga ndani. Paka alilitazama kutoka chini kwa uchungu. Bi Nadira alilitazama kwa namna nyingine kabisa.

"Gedion! Una tyubu kuukuu?"

"Niko nazo mob... eh, nyingi!"

Akasuka susu jipya, pana, akalitia ubao, akalitundika kwenye boriti ya sebule. Kila kamba akaifungia juu kwa kipande cha tyubu, ili boriti ikitetemeka mpira uumeze mtetemeko huo. Gramafoni ikapanda juu, usawa wa kifua. Abdulaziz akasema haijaonekana popote duniani.

"Itaonekana Changamwe," akajibiwa.

Siku ya kupamba, sebule ilijaa wanawake, udi na dhahabu nyingine ya kuazima. Sabah alikaa juu ya kiti chake, hina mpaka kwenye viwiko. Sindano ikashuka. Wimbo ukaisha, waimbaji wakanyamaza, na trela, bila hata haya, likaingia barabarani kwetu. Vikombe vikagongana, na kabati la Abdulaziz likalia kama mtoto. Wanawake wote wakalikodolea susu macho.

Susu halikushtuka. Kigelegele kikatoka, kirefu, kikapanda, kikazidi kupanda, kikaisha kilipotaka chenyewe.

Hakuna aliyekijibu. Wote walimgeukia Bi Nadira wampishe yeye kwanza. Naye, mwanamke aliyewatia adabu wanaume na matrela, alisimama mbele ya lile susu mikono nyuma kama mtoto aliyeitwa kutoka uani.

"Abee, mama," akasema.

Kisha akageuka. "Haya, chezeni. Atakayegusa kamba, namfukuza hata akiwa bibi harusi."