Noti za Babu Zilizotiwa Wanga

Harufu ya wanga ukiungua chini ya pasi ya mkaa hunirudisha kijijini kwetu Kanazi, siku niliyoharibu utajiri wa ukoo mzima nikiwa darasa la tatu.

Bibi, mzaa baba, alikuwa na kopo la majani ya chai lenye noti kumi na moja za Burundi, za zamani mno. Babu alivuka nazo mpaka akikimbia vita, akaziita nauli ya kurudi nyumbani. Hakurudi, tulimzika nyuma ya migomba. Noti zilibaki, zimechakaa, zinanuka moshi.

Baba mdogo, kitindamimba wa Bibi na mtu wa mipango isiyoisha, akampata mzee mmoja wa Ngara mjini anayekusanya noti za zamani. Mzee akaja, akazichungulia, wakapatana bei, akaahidi kurudi Jumamosi. Tangu hapo Baba mdogo alitembea kama mtu ambaye tayari ana pikipiki. Bibi hakula vizuri wiki nzima.

Ijumaa akaniita. "Mjukuu wangu, mgeni hapewi vitu vichafu. Zifue, uzitie wanga, uzipige pasi kama sare yako ya shule."

Jamani, nilijituma! Nilizisugua kwa sabuni ya mche, nikazichovya kwenye wanga wa muhogo, nikazianika kwenye jamvi la kahawa, nikazinyoosha hadi zikasimama zenyewe. Nilitegemea kusifiwa.

Mzee alipofika nilimpa shikamoo, nikamkabidhi. Alizishika, zikalia kakara kakara. Akakaa chini bila kukaribishwa.

"Lakini nilimwambia Bibi mwenyewe zisiguse maji! Sasa hata bure sichukui."

Baba mdogo alivua mkanda. Bibi akasimama kati yetu.

"Mtoto hana kosa. Ni mimi, uzee huu, nimesahau."

Nilimwonea huruma. Eti kusahau, mwanamke aliyekumbuka kila jirani aliyeazima ndoo yake tangu nizaliwe! Jioni ile alinikaangia mayai mawili, mimi peke yangu, huku akiimba. Nilikula bila kujiuliza, maana yalikuwa matamu.

Nilielewa nikiwa mtu mzima, siku tulipomzika ubavuni mwa Babu. Kopo lilikuwa chini ya mto wake, na noti zote kumi na moja zilikuwemo, ngumu vilevile. Nilicheka palepale msibani. Baba mdogo akanitazama vibaya, akaniuliza nina nini. Wakati huo nilikuwa nimeshaanza kulia.