Kurasa za Mwisho

Juzi hapa Nizwa, Omani, kwenye dirisha la dawa la hospitali, bibi mmoja tuliyekuwa tukingoja naye alinitambua.

"Ndiwe uliyemwandika gazetini yule bibi wa Uskochi mwenye riwaya chungu nzima?"

Nikaiweka sawa kofia yangu. Niliandika kwamba anatunga mapenzi, mauaji, hata mizimu, na kwamba ustadi wake ni kukatiza hadithi ghafla, msomaji amalizie mwenyewe. Nikamwambia vitabu vyote niliviazima kwa jamaa waliorudi kutoka Nairobi.

Bibi akajifunika mdomo kwa ncha ya shela. "Vitabu vile ni vyangu, mwanangu; jamaa hao waliviazima kwangu. Kurasa za mwisho nilizichana mie. Nina mabinti, na kila hadithi, hata ya mizimu, inaishia watu kubusiana."

Nikamwuliza kama alizitupa.

"Zimo sandukuni." Akanitazama juu mpaka chini. "Umeoa?"

"Bado, bibi."

"Basi ngoja."